Gurudumu Bovu Hula Faida: Somo la Mkokoteni, Toroli na Mashine Kuukuu Kigoma

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kutazama bei: gunia la dagaa limesimama wapi, dumu la mawese limepanda au limeshuka, nauli ya lori kutoka Kigoma kwenda Kasulu imeongezeka au la. Wiki hii tunawaomba watazame chini kidogo, kwenye kitu ambacho hakimo katika orodha ya bei lakini kimo ndani ya kila bei. Kitu hicho ni gurudumu.

Mfanyabiashara wa Kibirizi, Katonga au Ujiji anajua kwamba safari iliyo ghali kuliko zote, ukiigawa kwa mita, si ile ya kwenda Dar es Salaam. Ni ile ya kutoka ubavuni mwa boti hadi kwenye lori. Hapo mzigo huvuka mchanga, tope na mawe, ama kichwani mwa mchukuzi ama juu ya mkokoteni au toroli. Gurudumu likikataa katikati ya njia, boti inasubiri, lori linasubiri, mnunuzi anapoteza subira, na dagaa waliokwisha kukauka wananyeshewa. Hasara ya namna hii haiandikwi popote, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Makala haya yanaeleza namna ya kulikagua gurudumu kuukuu, wakati wa kulifufua na wakati wa kulibadilisha, na jinsi ya kuipiga hesabu yake kibiashara. Yanamhusu mwenye mkokoteni mmoja, mwenye mikokoteni kumi ya kukodisha, na pia yule anayenunua mashine zilizotumika kutoka nje kwa ajili ya hoteli na ofisi.

GURUDUMU LILICHELEWA KUFIKA UJIJI

Si ajabu kwamba gurudumu linasumbua pwani hii ya ziwa, kwa kuwa tangu mwanzo halikufika kwa urahisi. Kwa miaka mingi ya karne ya 19 Ujiji ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Mizigo yote ilikuja mabegani na vichwani mwa watu. Sababu mojawapo ilikuwa mbung'o: ng'ombe wa kukokota magari walikufa njiani. Wamisionari wa London Missionary Society walijaribu magari ya ng'ombe kutoka pwani katika miaka ya 1870 na wakashindwa. Wale waliofika Ujiji mwaka 1878 walifika kwa msaada wa wapagazi.

Jaribio lililofaulu lilikuja kati ya mwaka 1882 na 1883. Nahodha Edward Coode Hore aliongoza msafara ulioleta Ujiji boti ya chuma iliyoitwa Morning Star. Boti hiyo ilikuwa imekatwa vipande na kupakiwa juu ya mikokoteni iliyovutwa na kusukumwa na watu. Miaka michache baadaye mke wake, Annie Hore, alisafiri kutoka pwani hadi Ujiji kwa kiti ambacho kwa asili ni cha magurudumu, lakini njia ilivyokuwa, sehemu kubwa alibebwa na wapagazi. Reli kutoka Dar es Salaam, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,250, ilifika Kigoma mwaka 1914.

Funzo la biashara ni hili: gurudumu si kitu kizuri au kibaya peke yake. Linafaa au halifai kulingana na njia. Anayenunua gurudumu kwa kutazama uzuri wake dukani, bila kufikiria mchanga wa Kibirizi, anarudia kosa la magari ya ng'ombe.

MAADUI WA GURUDUMU UFUKWENI

Gurudumu la mkokoteni lina sehemu chache. Kuna ekseli, yaani mhimili wa chuma unaobeba mzigo. Kuna kitovu, ambacho fundi wengi hukiita habu, na ndani yake kuna bushi au beringi. Kuna rimu. Kisha kuna tairi, pamoja na tyubu kama ni la upepo. Kila sehemu ina adui wake, na katika ukanda wetu maadui ni watano.

Wa kwanza ni mchanga. Punje ya mchanga ikiingia kwenye beringi inakuwa msasa, na kila mzunguko unakwangua chuma. Wa pili ni maji. Maji ya Ziwa Tanganyika si ya chumvi kama ya bahari, lakini maji ni maji: yakikaa kwenye beringi isiyo na grisi, kutu inaanza. Mkokoteni unaoingizwa ziwani kupokea mzigo kutoka kwenye boti unaoga kila siku.

Wa tatu ni chumvi. Chumvi ya Uvinza ni bidhaa ya siku nyingi katika mkoa huu. Gunia likivuja juu ya ekseli, chumvi huvuta unyevu na kuharakisha kutu. Wa nne ni mafuta. Mpira wa asili haupendi mafuta, yawe ya petroli au ya mawese: hunyonya, huvimba na kulainika, kisha hupasuka. Wa tano ni jua pamoja na hewa. Tairi lililoegeshwa juani miezi mingi huwa gumu na kutoa nyufa hata kama halikutembea kilomita moja.

Hapa tuongeze neno kuhusu mazoea ya kupaka mawese kwenye ekseli. Wanaofanya hivyo si wajinga. Katika karne ya 19 reli za Uingereza zilitumia grisi iliyochanganywa mawese, mafuta ya wanyama, soda na maji kwa ekseli za mabehewa. Lakini mawese yenyewe, bila kutengenezwa, huchacha na kutoa asidi inayokula chuma. Aidha, joto la mchana huyayeyusha yakatiririka hadi kwenye mpira. Kwa ekseli ya mti, au kwa kuokoa safari moja, mawese yanaweza kusaidia. Kwa beringi ya chuma, tumia grisi ya magari. Kopo moja la grisi ni rahisi kuliko beringi mbili.

UKAGUZI WA DAKIKA KUMI

Kabla ya kununua mkokoteni uliotumika, au kabla ya kukubali maneno ya fundi kwamba kila kitu kimekwisha, fanya majaribio manne.

Kwanza, inua upande mmoja na kulizungusha gurudumu kwa mkono. Likizunguka kimya na kusimama polepole, beringi ni nzima. Likitoa sauti ya kusaga, kuna mchanga au kutu. Likisimama ghafla, kuna kitu kinakwama.

Pili, shika tairi juu na chini, ulitikise. Kucheza kidogo sana si hoja. Ukisikia mgongano, ama beringi imelika, ama kitovu kimepanuka, ama ekseli imekonda pale beringi inapokaa. Tofauti ya mambo haya matatu ni tofauti ya gharama, kwa hiyo usikubali kulipia yote bila kuonyeshwa.

Tatu, simamisha msumari au kijiti karibu na rimu, halafu lizungushe gurudumu. Rimu iliyopinda itakaribia msumari na kuuacha. Rimu ya chuma iliyopinda kidogo hunyooshwa, lakini yenye ufa karibu na tundu za bolti haifai kuchomelewa kwa kubahatisha.

Nne, pima kwa kamba umbali kati ya matairi mawili upande wa mbele, kisha upande wa nyuma, kwa kimo kilekile. Vipimo vikitofautiana, magurudumu hayaelekei njia moja. Mkokoteni wa namna hiyo husukumwa kwa nguvu nyingi bure, na tairi huisha upande mmoja. Mara nyingi dawa yake ni kunyoosha ekseli au kusahihisha mahali ilipochomelewa. Kununua tairi jipya hakutasaidia, kwa sababu nalo litalika vilevile.

SOMA NAMBA YA BERINGI

Wafanyabiashara wengi hununua beringi kwa kupeleka ile mbovu dukani na kusema "nipe kama hii". Hakuna ubaya, lakini anayejua kusoma namba haibiwi wala hapotezi safari. Namba imechongwa ubavuni mwa beringi.

Chukua beringi za kundi la 62, ambazo ni za kawaida kwenye mikokoteni, matoroli na mashine ndogo. Tarakimu mbili za mwisho hueleza tundu la kati. 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15 na 03 ni 17. Kuanzia 04 unazidisha kwa 5: 04 ni milimita 20, 05 ni 25, na kuendelea. Hivyo beringi 6203 ina tundu la milimita 17, upana wa nje milimita 40 na unene milimita 12. Beringi 6204 ni 20 kwa 47 kwa 14. Beringi 6205 ni 25 kwa 52 kwa 15.

Baada ya namba huja herufi. ZZ maana yake imefunikwa kwa bati pande zote mbili. 2RS maana yake imezibwa kwa mpira pande zote mbili. Kwa ufukwe wetu, 2RS ndiyo ya kuuliza, kwa sababu bati huzuia uchafu mkubwa lakini halizuii vizuri maji na mchanga laini. Beringi iliyo wazi ni ya mtu anayeweza kuifungua, kuiosha na kuipaka grisi mara kwa mara.

Namna ya kuifunga ni muhimu kama namba yenyewe. Beringi inayoingia kwenye kitovu isukumwe kwa kugusa duara lake la nje. Inayoingia kwenye ekseli isukumwe kwa duara la ndani. Ukigonga duara lisilohusika, nguvu hupita kwenye gololi na kuacha vidonda. Beringi hiyo itaanza kunguruma wiki ya kwanza, nawe utalaumu duka. Vilevile, fundi anapotaka kuchomelea mkokoteni, beringi zitolewe kwanza. Umeme wa kuchomelea ukipita kwenye gololi huziharibu, na joto huunguza grisi.

Kama ekseli imekonda, kipande cha bati kilichokunjwa ni dawa ya siku mbili. Dawa ya kweli ni kuijaza kwa kuchomelea kisha kuikereza hadi kipimo chake, au kuikata na kuunga kipande kipya. Kazi hii inahitaji mashine ya kukereza chuma. Uliza karakana za mjini au wataalamu wa SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo.

TAIRI: PANA AU JEMBAMBA, LA UPEPO AU GUMU

Gurudumu lenye kipenyo kikubwa hupanda jiwe na kuvuka shimo kwa urahisi kuliko dogo. Tairi pana halizami sana mchangani. Ndiyo maana mkokoteni wenye matairi ya gari hufanya kazi pale ambapo toroli la gurudumu jembamba limekwama. Ukipunguza upepo kidogo, tairi hutandaza uzito na kupita juu ya mchanga. Lakini ukipanda nao barabara ya lami kuelekea Mwanga, upepo uleule mdogo hufanya mkokoteni uwe mzito na kuvunja ubavu wa tairi. Mwenye kazi ya njia zote mbili hana budi kuwa na pampu, na aitumie.

Tairi gumu, lisilo na upepo, halitoboki. Linafaa toroli la kiwanda, ghala au sakafu ya saruji. Ufukweni huzama, na mitikisiko yake hulegeza bolti na kuumiza mikono ya msukumaji. Wengine hujaza tairi kuukuu kwa vipande vya mpira. Linafanya kazi, ila uzito unaongezeka, na kila kilo iliyo kwenye gurudumu ni kilo ambayo hukuilipisha mteja.

Anayenunua tairi la gari lililotumika asome ubavu wake. Baada ya herufi DOT utakuta mfululizo unaoishia na tarakimu nne kwa matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini la miaka mingi linaweza kuwa limekwisha kukauka. Likunje kwa mkono na utazame nyufa. Aidha, hakikisha matairi mawili yana kimo kimoja, la sivyo mkokoteni utalala upande mmoja, na mzigo utafuata.

MASHINE KUUKUU NA VIGURUDUMU VYAKE

Kuna soko dogo ambalo wengi hawalioni. Katika bidhaa zilizotumika zinazoingia nchini zimo mashine za kuvuta vumbi, zinazotakiwa na hoteli, nyumba za wageni, ofisi, na hata misikiti na makanisa yenye mazulia. Nyingi huuzwa kwa bei ya kutupa si kwa sababu mota imekufa, bali kwa sababu vigurudumu vimevunjika na mashine inaburuzwa kama maiti.

Vigurudumu vya mashine hizi vina historia yake. Electrolux ya mwaka 1921, iliyoitwa Model V, haikuwa na magurudumu kabisa, bali iliteleza kwa vyuma viwili kama vya kitelezi cha theluji. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Hoover ilitoa Constellation, yenye umbo la duara, na baadhi ya matoleo yake yalielea juu ya hewa iliyotoka kwenye mashine yenyewe. Lakini mashine nyingi ziliwekewa vigurudumu vya mpira au plastiki, na vitu hivyo viwili huzeeka. Mpira hugeuka mgumu na kumeguka. Plastiki hupasuka mahali inaposhika ekseli.

Kufufua ni kazi inayowezekana hapa hapa. Chomoa umeme kwanza. Tazama kigurudumu kimezuiwa na nini: pini, riveti, au kikofia cha bati kinachobanwa mwishoni mwa ekseli. Kikofia hicho mara nyingi huharibika kikitolewa, kwa hiyo uwe na kingine au washa na pini ya kukunja. Chukua vipimo vinne: kipenyo cha ekseli, kipenyo cha kigurudumu, unene wake, na nafasi kati yake na bodi. Kisha kuna njia tatu.

Ya kwanza, kama kiini ni kizima na mpira ndio uliokufa, ondoa mpira mkuukuu, safisha, na kuvisha pete mpya ya mpira iliyo ndogo kidogo kuliko kiini. Maji ya moto huilainisha ikaingia, na ikipoa inabana. Ya pili, kama kiini kimevunjika, fundi wa kukereza anaweza kutengeneza kipya kutoka kwenye nondo ya nailoni, na hata mti mgumu unafaa kwa sakafu kavu. Ya tatu ni kutafuta kigurudumu cha kitu kingine, kama toroli la sanduku la safari au kiti cha ofisi, na kubadilisha ekseli. Tahadhari moja: mpira mweusi wa tairi huacha alama kwenye sakafu nyeupe. Mteja wa hoteli hatakusamehe kwa hilo.

Kabla ya kufurahia bei ndogo, soma kibao cha umeme. Mashine ya Marekani hutengenezwa kwa volti 120, na umeme wetu ni volti 230. Mashine ya Uingereza inafaa, na plagi yake ya pini tatu za mraba ni sawa na yetu. Kigurudumu kipya hakisaidii mota iliyoungua.

HESABU: KIPI NI RAHISI KWELI?

Sasa tufike kwenye daftari. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, wala si bei za soko. Weka zako mahali pake.

Tuseme mkokoteni mmoja una njia tatu. Njia A ni kuziba na kubandika, Sh. 20,000/- kila baada ya miezi miwili. Njia B ni kufufua kikamilifu: beringi mpya za 2RS, ekseli iliyonyooshwa, matairi mazuri yaliyotumika, jumla Sh. 90,000/-, kwa mwaka mmoja. Njia C ni magurudumu mapya pamoja na ekseli, Sh. 240,000/-, kwa miaka miwili. Tuseme pia kila tengenezo hula siku moja ya kazi, na siku hiyo ina thamani ya Sh. 15,000/-.

Kwa mwaka, njia A inagharimu Sh. 120,000/- za fundi, na siku sita zilizopotea ni Sh. 90,000/-. Jumla ni Sh. 210,000/-. Njia B ni Sh. 90,000/- na siku moja, yaani Sh. 105,000/-. Njia C ni Sh. 120,000/- kwa mwaka na nusu siku, yaani Sh. 127,500/-.

Tazameni. Njia iliyoonekana rahisi, ya elfu ishirini ishirini, ndiyo ghali kuliko zote, tena mara mbili ya njia B. Inamshinda mtu kwa sababu hutoka mfukoni kidogo kidogo na haiandikwi. Na nusu ya hasara hiyo, karibu, si pesa iliyolipwa kwa fundi bali kazi iliyokosekana.

Je, ni lini vitu vipya vinashinda kufufua? Katika mfano wetu, B huokoa Sh. 30,000/- kwa mwaka dhidi ya C, lakini hupoteza nusu siku zaidi. Nusu siku ikifikia Sh. 30,000/-, yaani siku nzima ikiwa na thamani ya Sh. 60,000/-, mizani inakuwa sawa. Ikizidi hapo, nunua vipya. Kwa hiyo mwenye toroli moja la sokoni afufue. Mwenye mkokoteni unaohudumia boti kubwa, ambao ukisimama unasimamisha lori zima, asione uchungu kununua vipya.

Jambo la mwisho katika hesabu ni akiba. Sh. 90,000/- kwa mwaka ni Sh. 7,500/- kwa mwezi. Kwa mwezi wa siku 25 za kazi ni Sh. 300/- kwa siku. Anayeweka mia tatu kando kila jioni hatakopa siku gurudumu litakapokufa. Asiyeweka anadhani amepata faida, kumbe anakula gurudumu lake mwenyewe.

NANI ALIPIE TAIRI?

Hapa ndipo penye ugomvi wa kweli. Mikokoteni mingi husukumwa na mtu asiye mwenye mali. Mwenye mali anapokea hesabu ya siku, na msukumaji anabaki na kinachozidi. Gurudumu likiwa zito, anayetoka jasho ni msukumaji, kwa hiyo mwenye mali haoni haraka ya kutengeneza. Gurudumu likiharibika kwa kupakiwa kupita kiasi, anayelipa ni mwenye mali, kwa hiyo msukumaji haoni sababu ya kukataa gunia la ziada. Kila mmoja anasukuma gharama kwa mwenzake, na gurudumu linakufa katikati.

Tunapendekeza mapatano mepesi yenye vipengele vitatu. Pancha na upepo viwe vya msukumaji, kwa kuwa anaweza kuvizuia. Beringi, ekseli na matairi viwe vya mwenye mali, kwa kuwa ni mtaji. Na siku ya matengenezo yaliyopangwa isidaiwe hesabu. Kipengele hiki cha tatu ndicho kinachomfanya msukumaji aseme mapema, "Mzee, gurudumu linanguruma," badala ya kunyamaza hadi livunjike na gunia la mtu liingie majini. Kwa mwenye mali, hesabu ya siku moja ni ndogo kuliko deni la gunia la mteja na jina lililoharibika gatini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MSIMU WA KUPUMZIKA NA SOMO LA LIEMBA

Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki na dagaa wazaliane. Katika kipindi kama hicho mizigo ya samaki hupungua na mikokoteni mingi huegeshwa. Mwenye busara huona hapo siku za matengenezo zisizo na gharama ya kazi iliyopotea. Katika mfano wetu wa juu, njia B inashuka kutoka Sh. 105,000/- hadi Sh. 90,000/- kwa kuchagua tarehe tu.

Lakini kuegesha nako kuna ufundi. Meli ambayo kila mtu wa Kigoma anaijua ni ushahidi. Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande kwa reli na kuundwa Kigoma. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakikimbia, waliizamisha wenyewe. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito, wakitumaini kwamba siku moja itatakiwa tena. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakaikuta mitambo inafaa kutengenezwa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya.

Ikiwa grisi iliilinda mitambo chini ya maji kwa miaka, inaweza kuulinda mkokoteni wako kwa miezi mitatu. Osha chumvi na mchanga kwa maji safi, kausha, jaza grisi kwenye vitovu vinavyofunguka, na paka ekseli. Gurudumu la mkokoteni linakwenda polepole, hivyo kitovu kinaweza kujazwa grisi vizuri bila hofu ya kuchemka, nayo grisi hiyo huzuia maji na mchanga kuingia. Weka matofali chini ya ekseli ili matairi yasibebe uzito, na funika matairi yasipigwe na jua.

FURSA KWA MWENYE MTAJI MDOGO

Anayetafuta mahali pa kuweka fedha zake afikirie karakana ndogo ya magurudumu karibu na Kibirizi au Ujiji. Haihitaji jengo kubwa. Inahitaji jeki, vifaa vya kutolea beringi, kipimo cha kalipa, pampu, grisi, akiba ya beringi za namba tatu au nne zinazotumika sana, na magurudumu mawili matatu yaliyo tayari. Hayo magurudumu ya akiba ndiyo biashara yenyewe: mteja anaacha bovu, anaondoka na zima kwa kuongeza fedha, na haipotezi siku. Bovu lake linafufuliwa kwa utulivu na kumsubiri mteja mwingine.

Hatari zake zipo. Vipuri hutoka mbali, hivyo fedha hulala kwenye akiba. Beringi bandia zipo, na jina lako ndilo litakalolipa. Msimu wa ziwa hupanda na kushuka. Kwa hiyo mwekezaji ahesabu kwanza ni mikokoteni na matoroli mangapi yanafanya kazi katika mwalo wake, yanasimama mara ngapi kwa mwezi, na kwa namba zipi za beringi. Wiki mbili za kukaa gatini na daftari zitamfundisha zaidi ya maneno ya rafiki.

KABLA HUJALIPA FUNDI

Mwisho, haya ndiyo ya kukata na kubandika ukutani:

1. Zungusha, tikisa, pima kwa msumari, pima kwa kamba.
2. Onyeshwa kilichoharibika: beringi, kitovu au ekseli.
3. Andika namba ya beringi, na uulize 2RS.
4. Beringi zitolewe kabla ya kuchomelea.
5. Nyoosha ekseli kabla ya kununua tairi.
6. Weka mbali mawese, chumvi na jua.
7. Andika siku zilizopotea pamoja na fedha zilizolipwa.

Namba saba ndiyo inayosahaulika, na ndiyo yenye fedha nyingi. Anayeianza Jumatatu ijayo atajua kabla ya mwisho wa mwezi kama mkokoteni wake unamlisha, au yeye ndiye anayeulisha.